Mlima Ulipozimika

Mama mkwe wangu alishuka mlimani mwishoni mwa kiangazi, akaja kukaa kwetu kwa sababu ya macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari aliamua kuanza na la kulia, na baada ya upasuaji akampa masharti, ambayo yeye aliyasikiliza mikono ikiwa mapajani, kama mtu anayesikiliza hukumu ya shauri la jirani: asiiname, asibebe ndoo, asikae kwenye moshi, asipande mlima kwa wiki kadhaa. Kwao jiko ni la kuni, na njia ya kwao ni kupanda tangu unapovuka mto. Ikawa lazima abaki.

Sisi tunakaa upande wa Bigwa, chini kabisa ya mlima. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya mpunga Dakawa. Huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni. Watoto wako bweni. Kwa hiyo siku nyingi za wiki tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na saba, na sikuwahi kukaa naye peke yetu zaidi ya siku tatu. Tuliheshimiana mno. Heshima yetu ilikuwa kama vile vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa kwenye makochi: vimefuliwa, vimenyooshwa, na hakuna anayethubutu kuviegemea.

Asubuhi nilimwamkia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka salama?"

"Salama, Mama. Jicho linasemaje?"

"Linaona. Limeanza kuona hata vumbi lenu."

Kisha naenda shule, ninakofundisha fizikia, na alasiri nikirudi namkuta barazani kwenye kiti cha mgongo mrefu, kanga kichwani, miwani myeusi ya hospitali usoni, ametulia kabisa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupanda na kushuka. Alishusha ndizi na njegere sokoni akiwa na mtoto mgongoni, akapandisha chumvi na mafuta ya taa. Sasa alikaa pale siku nzima, na joto la Morogoro lilitiririka juu yake kama maji juu ya jiwe.

Jioni ndipo alipokuwa akisogea. Akishaswali magharibi, huivua ile miwani, hushika ukuta wa baraza, huteremka zile ngazi mbili, kisha huingia bustanini taratibu. Bustani yetu ni ndefu kuliko ilivyo pana. Inaanza na mawaridi yangu, inapita chini ya mparachichi mkubwa na mstafeli, halafu inakuja migomba, na mwisho kabisa ni ua wa michongoma. Mimi nilikuwa namwona kutoka dirisha la jikoni: kanga yake inafifia, inakuwa ya kijivu, inapotea kwenye migomba. Anakaa huko kama robo saa. Halafu kanga inarudi, kidogo kidogo, kama inachorwa upya.

Sikumuuliza anaenda kufanya nini. Nilijiambia anapunga upepo. Nilijiambia pia kwamba mtu mzima ana mambo yake, na mkwe hachungulii. Nilikuwa nimelelewa hivyo huko Singida, na sikuona kosa lolote.

Jioni moja, nikiwa nachambua mchele, nikasikia sauti ya kitu kuanguka, si kubwa, kama mtu ametupa furushi la nguo. Nikatoka mbio. Nilimkuta ameketi chini ya mparachichi, mguu mmoja umenasa kwenye mzizi, kiganja kimelifunika jicho la kulia.

"Mama! Umeumia?"

"Nimekaa tu," alisema.

"Jicho je?"

Aliondoa kiganja polepole. Akaniangalia usoni kwa muda mrefu, tukiwa wote chini kwenye majani makavu. "Lipo," akasema. "Nakuona. Umekonda."

Kesho yake daktari alilikagua jicho akasema liko salama, ila tusicheze na bahati. Nikiwa narudi naye kwenye bajaji, yeye akiwa amelishika bomba la pembeni kwa mikono miwili, nikaamua: nitaweka taa bustanini.

Nilikuwa nimefundisha habari za transfoma miaka mingi. Nilichora ubaoni pasi na kutazama kitabu, nikaeleza jinsi umeme mkubwa wa ukutani unavyoshushwa hadi volti kumi na mbili, umeme mpole ambao hata ukiugusa hauumi. Lakini sikuwahi kushika transfoma yangu mwenyewe. Shule ilipofunga wiki ya katikati ya muhula, nilienda mjini, kwenye duka moja la vifaa vya umeme, nikarudi na boksi la transfoma, waya wa nyuzi mbili, na taa kumi na nne za LED, kila moja ina kichwa kidogo cheusi na mguu mrefu uliochongoka wa kuchomeka ardhini. Fundi umeme alikuja kufunga soketi ya barazani yenye kifuniko cha mvua, akaning'iniza transfoma juu yake. Alipouliza nani atamalizia huko bustanini, nikamwambia ni mimi. Akaniangalia miguuni, akaona nimeshavaa ndala za shambani, akanitakia kazi njema.

Nilichimba siku nne. Si kazi nzito. Mfereji wenye kina cha kiganja unatosha kuficha waya. Lakini ardhi ya mwisho wa kiangazi ni ngumu, na mizizi ya mparachichi ilinipeleka huku na huku, kwa hiyo mfereji wangu uliokusudiwa kunyooka ukawa unapinda kama njia ya ng'ombe. Mama mkwe alihamishia kiti chake chini ya mstafeli, akawa ananitazama.

"Unapanda nini, mwanangu?"

"Napanda taa, Mama."

"Zitaota lini?"

"Ijumaa, Mungu akipenda."

Nikalaza waya, nikafukia, nikakanyaga. Baada ya muda akauliza, "Na mtu akilima hapa, jembe likagusa huo umeme?"

"Taa zitazimika tu, Mama. Umeme huu ni mdogo, kama wa betri ya gari. Hauna nguvu ya kumdhuru mtu."

"Umeme usio na hasira," alisema, akaridhika.

Zilikuwa siku za ajabu, nikizikumbuka. Mlimani walikuwa wanachoma mashamba kungojea mvua, na moshi ulishuka hadi kwetu ukiwa mwembamba, wenye harufu ya majani, ukakaa katikati ya miti kama vile haujui uende wapi. Jua lilikuwa jekundu tangu saa kumi. Nilichimba nikiwa kama mtu aliyelala nusu, na kila nilipoinua kichwa nilimwona yeye kwenye kiti chake, miwani myeusi imeelekea upande wangu, sijui kama ananitazama au amesinzia. Mara nyingine aliongea Kiluguru, peke yake, polepole, na mimi sikuuliza anasema na nani.

Nilipozijaribu taa kabla ya kufukia waya wote, nne za mwisho kule kwenye migomba ziliwaka kwa unyonge, manjano manjano, kama macho ya mwanafunzi wa kipindi cha mwisho. Sababu niliijua, nimeitungia maswali ya mtihani mara nyingi. Waya ni mrefu na mwembamba, umeme unachoka njiani. Ningeweza kuziacha hivyo hivyo. Lakini nilikuwa na kiburi cha mwalimu, na nilikuwa nimeona picha simuni, bustani za watu zinazong'aa hadi kwenye ncha za majani. Nikarudi mjini kufuata waya mnene zaidi, nikafukua, nikaulaza upya. Na zile nne za mwisho nikazielekeza juu, ziangaze migomba na michongoma kutoka chini, ili Mama akifika kule mwisho pawe peupe kuliko kote.

Ijumaa mume wangu alifika akiwa bado na tope la Dakawa kwenye viatu. Nilimkalisha barazani na mama yake. Transfoma ile ilikuwa na kijicho kinachohisi giza, kwa hiyo hapakuwa na swichi ya kubonyeza. Tulikaa tu tukingoja usiku uingie. Adhana ikapita, wakaswali, wakarudi kwenye viti. Na wakati sote tumeanza kufikiri hazitawaka, zikawaka.

Nasema kweli, palipendeza. Mawaridi yalikuwa kama yametoka kuoshwa. Njia ilipinda ikiingia chini ya mparachichi, na vivuli vya majani vilitulia juu yake kama mkeka. Kule mwisho migomba ilisimama kijani kibichi, mikubwa, kama milango ya mahali pengine. Mume wangu alipiga makofi. Alisema mkewe amemshinda mainjinia wote wa mradi wao.

"Mama, unaonaje?" akamuuliza mama yake.

Mama mkwe aliangalia kwa muda. "Panapendeza," alisema. "Kama kwenye harusi."

Akaenda kutembea. Alipita njia yote bila kushika kitu, mimi nikimfuata kwa macho, na safari hii kanga haikupotea. Niliiona hadi mwisho. Alisimama kule kwenye mwanga. Akageuka huku, akageuka kule. Aliweka kiganja juu ya macho kama mtu anayekinga jua. Halafu akarudi, mapema kuliko kawaida yake, akasema usingizi umemshika.

Jumamosi hakwenda. Jumapili hakwenda. Wiki iliyofuata, akishaswali, anabaki chumbani kwake au anakaa sebuleni mbele ya televisheni ambayo haiangalii. Taa zangu ziliwaka kila jioni kwa ajili ya bundi na paka wa jirani. Nikimuuliza, anasema miguu imechoka. Nikimpikia ndizi anazozipenda, anakula kidogo, anashukuru, anasogeza sahani. Na kila asubuhi kabla sijaenda shule ananiomba kitu kile kile.

"Mwanangu, nipigie huko nyumbani."

Huko nyumbani alibaki binti yake, wifi yangu, anayetunza migomba na mbuzi. Nikipiga, wanaongea dakika moja. Umeamkaje, mbuzi wazima, haya. Anarudisha simu. Kesho yake tena. Niliona ni upweke. Nikamwambia mume wangu simuni kwamba mama anataka kwao, tumwombe daktari amruhusu mapema. Akasema tumngojee kidogo, jicho halijapona vizuri.

Kisha, Alhamisi moja, umeme ulikatika.

Ulikatika saa moja kasoro, mwanga wa mwisho ukiwa bado angani. Feni ilizunguka mizunguko yake ya mwisho ikanyamaza. Redio ya jirani ikakatika katikati ya neno. Mimi nilikuwa jikoni natafuta tochi. Nikasikia mlango wa baraza unafunguliwa. Nilipotoka, Mama mkwe alikuwa tayari ameshateremka, anaenda, na hakuwa mtu wa miguu iliyochoka. Alikuwa anatembea kama mtu aliyesikia anaitwa. Nikaacha tochi, nikamfuata gizani, nikimwogopea ule mzizi, nisithubutu kumwita.

Alikuwa amesimama kwenye michongoma. Hapo mwisho miti yetu inaachana, na mtu anauona mlima wote, kuanzia mashamba ya chini hadi msitu wa juu unaofungwa na mawingu. Mimi nilipanda bustani ile, nilichimba pale siku nne, na sikuwa nimewahi kusimama pale saa ile. Kwangu mimi niliyekulia kwenye tambarare, mlima ulikuwa kitu cha mchana, picha nzuri nyuma ya nyumba. Sasa ulikuwa karibu mno. Ulikuwa mweusi, mwororo, mkubwa kuliko anga, na mwili wake wote ulikuwa na nuru ndogo ndogo.

"Umerudi," alisema, bila kugeuka.

"Nani, Mama?"

"Mlima."

Nikasimama kando yake. Hewa ilianza kushuka kutoka juu, ile hewa ya jioni yenye ubaridi wa mito, ikapita katikati yetu.

"Ule mwekundu unaotambaa ni moto wa shamba," alisema, akinyoosha mkono. "Wanachoma upande wa pili wa korongo. Ule unaocheza ni mtu anatembea na tochi. Sasa nenda juu. Panda, panda. Pale penye giza jeusi ni msitu. Chini yake kidogo, mweupe, hautikisiki. Umeuona?"

Ilinichukua muda. Macho yangu yalikuwa hayajazoea giza. Kisha nikauona: nukta moja, nyeupe, ndogo kama punje ya chumvi.

"Nauona, Mama."

"Ndipo nyumbani. Ile ni taa ya sola, ya nje, juu ya mlango. Nimemwambia wifi yako aiwashe kila magharibi. Akiiwasha, najua amerudi shamba, amefunga mbuzi, mzima." Akashusha mkono. "Miaka mingapi nakuja hapa kwenu, sijawahi kuiona. Jicho lilikuwa limejaa maziwa. Walipolisafisha tu, jioni ya kwanza nikaja hapa, nikaiona."

Nilifikiria zile jioni zote nilizosimama dirishani, na zile asubuhi za kupiga simu.

"Kwa hiyo hizi siku za taa..."

Kabla sijamaliza, umeme ukarudi. Kijicho kule barazani kilikuwa kinaona giza, taa zote kumi na nne zikawaka kwa pamoja, zile nne zikitupiga usoni kutoka chini. Migomba ikaruka mbele yetu, kijani kibichi. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua nikatazama juu, hapakuwa na kitu. Palikuwa na majani yanayong'aa na nyuma yake ukuta mweusi. Mlima mzima, na msitu, na moto wa korongo, na ile punje ya chumvi, vyote vilikuwa vimezimika.

"Unaona?" alisema Mama mkwe, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mtoto. "Umeondoka tena."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulichimba siku nne," alisema. "Ningekuambiaje?"

Pale pale, mbele ya zile taa za harusi, nikaanza kulia. Sio kilio kikubwa. Alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, akanivuta tukarudi nyumbani. Njiani mimi ndiye niliyejikwaa kwenye mzizi, na yeye ndiye aliyenishika.

Usiku huo nilimpigia wifi yangu. Nikamuuliza huwa anawasha taa ya nje saa ngapi. Alicheka sana.

"Kumbe amekuambia! Wifi, mwanzo mwanzo nilisahau jioni mbili. Asubuhi yake akanipigia kwa simu ya kaka, ananiuliza naumwa nini. Nikasema siumwi. Akasema basi mbona nimelala bila kuwasha. Nikashangaa, nani kamwambia? Nilidhani kuna mtu hapa kijijini anapeleka umbea mjini!"

Jumamosi tulianza upya, mimi, mume wangu na Mama. Zile nne za mwisho nilizing'oa kabisa. Njia nikaikatia kwenye mparachichi, mzizi ule ukiwa kwenye mwanga, na kutoka hapo hadi michongoma nikaacha giza. Mume wangu alipitisha jembe sehemu yote ile ya giza, akang'oa visiki, akasawazisha udongo mpaka mtu angeweza kupita amefumba macho. Akatengeneza benchi la mbao mbili na kuliweka pale mwisho.

Lakini hata zile kumi zilizobaki zilikuwa kali. Ukiwa kwenye benchi na kugeuka nyuma zinakuchoma macho, na ukirudi kuangalia mlima unangoja muda mrefu hadi urudi. Nilijaribu kuzifunika na makopo, yakawa yanapiga kelele kwa upepo. Mama mkwe alitutazama kwa muda, kisha akaomba vifuu vya nazi.

"Vingapi, Mama?"

"Vyote mlivyonavyo. Na msumeno mdogo."

Hakutakiwa kuinama, kwa hiyo tukamwekea meza mbele ya kile kiti chake, na pale akakaa wima kama hakimu, akikata vifuu. Alivichonga ukingo, akavitoboa upande mmoja mwanya wa upana wa vidole viwili. Alivisugua kwa kipande cha chupa mpaka vikawa laini. Mikono ile haikuhitaji jicho. Alifanya siku mbili, na katika siku mbili hizo aliongea nami kuliko miaka kumi na saba yote. Alinieleza jinsi alivyoolewa, na jinsi mumewe, kwa desturi yao, alivyokuja kuishi kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, akilima akijua fika kwamba shamba ni la kina mama. Alinieleza kwamba alipoambiwa mwanawe anaoa Singida aliuliza kama huko kuna maji. Tulicheka. Nilimwambia kwamba na mimi siku ya kwanza kupelekwa kwao niliogopa mteremko hadi nikashuka kwa makalio, na akasema anakumbuka, kijiji kizima kinakumbuka.

Nikavalisha kila taa kofia yake ya kifuu, mwanya ukiwa umeangalia chini. Na wakati nakata waya kuufupisha, nikaamua kurudisha ule mwembamba wa mwanzo. Umeme ukachoka njiani, kama unavyopaswa, na taa za mbele zikawaka vizuri na za karibu na mparachichi zikawaka kwa kunong'ona tu. Jioni ile njia ilikuwa imechorwa na vipande vidogo vya mwanga, kila kimoja kikubwa kama sahani, kimelala chini. Juu yake kulikuwa giza, na juu ya giza kulikuwa mlima. Tulikaa kwenye benchi watatu. Wifi aliwasha mapema, akazima, akawasha tena, kwa sababu nilikuwa nimemwomba hivyo. Mama mkwe aliinua mkono akapunga, kana kwamba kule juu wanaweza kumwona.

Toka hapo tuliketi kule karibu kila siku. Moto wa mashamba ulipungua, hewa ikawa nzito, na jioni zikaanza kuja na radi za mbali nyuma ya mlima, radi zisizo na sauti, zinazouwasha mgongo wote wa Uluguru kwa nukta moja kisha kuuacha.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri moja, ikaacha. Ardhi ilitoa mvuke. Giza lilipoingia na taa kuwaka, niliona kitu kinatoka udongoni kando ya njia, kama moshi wenye mwili. Kilikuwa kinapanda na kusambaa, na hewa yote ikawa inametameta.

"Kumbikumbi!" Mama mkwe alisema, akasimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka vile. "Mwanangu, zima taa zote. Acha moja. Vua kifuu. Leta beseni la maji."

Nikachomoa nyaya kwenye viungio, nikiacha ya kwanza, ile ya karibu na baraza. Niliivua kofia yake na kuweka beseni chini. Wakaja. Walikuja kutoka bustani nzima, kutoka kwa jirani, kutoka gizani kote, maelfu ya mbawa laini zikizunguka taa moja, zikianguka majini bila sauti. Walitugusa usoni na kwenye nywele. Jirani alisikia, akaja na ndoo na wanawe, wakasimama kwenye ule mwanga wakicheka na kujifuta. Mama mkwe alikuwa katikati, kanga imeanguka mabegani, viganja amevikinga mbele, anawapokea.

Niliwakaanga kwa chumvi kwenye jiko la gesi, kwa sababu ya moshi. Tulikula na ugali mpaka tukashindwa. Wengine tuliwakausha juani wakawa wa kubeba.

Daktari alimruhusu wiki mbili baadaye. Alimshauri jicho la kushoto nalo lifanyiwe mwaka ukianza. Mama mkwe alimshukuru, akamwambia atafikiria, na tulipotoka nje akaniambia, "Hili limetosha la kuonea. Lile jingine liache, la kulalia."

Siku aliyoondoka mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye paa za nyumba za mwisho. Mlima haukuwapo kabisa. Mume wangu alitafuta bodaboda wa kumpandisha hadi barabara inapoishia. Kutoka pale wifi angempokea watembee. Alikaa upande upande, kikapu cha kumbikumbi mapajani, na mfuko wenye msumeno wangu mdogo aliouomba. Nilimwamkia tena ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi, na akaitikia tena.

Pikipiki ilipanda ikaingia kwenye ukungu. Niliisikia muda mrefu baada ya kutoiona, ikibadilisha gia kwenye kona. Sauti ilipokwisha nikaingia ndani, nikafungua dirisha la sebuleni, nikakaa kusahihisha madaftari ya kidato cha pili, nikingoja magharibi nione kama mawingu yatafunguka na ile punje ya chumvi itaonekana.